Barua ya bolingi imetoka shule, nisaini au nisisaini?

Mama mmoja anayeishi Grand Rapids, Michigan, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo:

"Mwalimu shikamoo. Binti yangu ana miaka 12, yuko gredi ya 6. Shule imeleta barua kwamba wiki tatu zijazo kipindi cha PE, yaani somo la michezo, watafundishwa bolingi ndani ya jimu, halafu siku ya mwisho wanapelekwa kwenye ukumbi wenyewe wa bolingi, tulipe dola 9 na tusaini. Baba yake amekataa. Anasema huo ni mchezo wa wazungu, wanaucheza huku wanakunywa pombe, hauna zoezi lolote, bora watoto wakimbie uwanjani. Binti mwenyewe ni mnene kidogo, hapendi PE kabisa, kila wiki ananiomba nimwandikie kwamba anaumwa. Na mwaka jana alivunjika kiwiko cha mkono wa kulia. Nifanyeje?"

Marahaba dada yangu. Saini.

Nimetanguliza jibu manake barua za shule zina tarehe ya mwisho na hazisubiri, ila usisaini ukanyamaza, kuna mambo mawili matatu ya kumuuliza mwalimu wake kwanza na nitakwambia ni yapi na kwa nini. Mimi nimefundisha PE huku Marekani miaka 14 sasa, watoto wa umri huo huo wa binti yako, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa michezo Tanga, kwa hiyo maneno ya shemeji nayaelewa vizuri sana, hata mimi nilipofika huku na kuona bolingi kwenye ratiba ya shule nilimuuliza mwenzangu kama hilo ni somo kweli.

Nianze alipopatia shemeji. Bolingi, yaani kuviringisha mpira kwenye leni, ile njia nyembamba ndefu, uangushe pini, vile vigogo vya umbo la chupa vilivyosimama mwisho wake, haihemeshi. Kwa moyo na mapafu ni kama mtu anatembea mwendo wake wa kawaida tu, huwezi kuilinganisha na mpira wa miguu au kuruka kamba. Chama cha walimu wa PE hapa, SHAPE America, kinataka angalau nusu ya muda wa kipindi mtoto awe anachangamka kweli kweli, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji wastani wa dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili. Kwa hiyo PE ya mwaka mzima ingekuwa bolingi tupu mimi ningekuwa upande wa shemeji moja kwa moja. Lakini wiki tatu ndani ya mwaka mzima ni kitu kingine, na kipindi hiki hakikuwekwa shuleni kwa ajili ya jasho peke yake. Kuna kujifunza kulenga, kusimama sawasawa, kusubiri zamu, kuhesabu, kushindwa bila kununa, na kuna kitu walimu wa huku wanakiita mchezo wa maisha, yaani mchezo ambao mtu anaweza kuendelea nao akiwa na miaka 40, 60, hata 75. Hebu jiulize, watu wangapi unaowajua wenye miaka 45 bado wanacheza mpira kila wiki? Magoti yamekataa, muda hakuna, timu haipo. Sasa nenda ukumbi wa bolingi wowote Michigan asubuhi ya siku ya kazi, utakuta wazee wastaafu wana ligi yao, wanakuja kila wiki, wanainuka, wanainama, wanarusha, wanapiga stori. Huyo mzee alijifunzia mahali fulani, na wengi walijifunza wakiwa watoto.

Sasa nije kwa binti maana yeye ndiye mwenyewe hasa wa hii barua.

Mtoto mwenye mwili anayeomba kila wiki aandikiwe anaumwa, kwa nilivyoona mimi, kinachomchosha zaidi ni kuangaliwa. Kwenye mbio anamaliza wa mwisho na darasa zima limeshasimama linamsubiri. Kwenye kugawana timu wanachaguliwa wote anabaki yeye na mwenzake mmoja, na huyo mwenzake naye anachaguliwa. Kwenye basketi anapewa pasi, anapokonywa, anasikia kelele. Nimewaona watoto wa hivyo wengi na kila mwaka bado inaniuma. Bolingi haina mtu wa kukukimbiza na haina mtu wa kukupokonya mpira, mpira unakusubiri wewe, pini zinakusubiri wewe, ukiwa tayari unatupa. Na mwili mkubwa si mzigo hapo, mtoto anayesimama imara asiyeyumba ana faida kumzidi yule mwepesi anayerukaruka.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, binti vile vile, tangu Septemba mpaka Januari alikuwa anakaa benchi, leo tumbo kesho kichwa. Tulipoanza bolingi siku ya kwanza hakutupa, alikubali kupanga pini tu. Siku ya pili akatupa mara chache. Siku ya tatu nikaona kitu, wale vijana wenye nguvu walikuwa wanabamiza mpira kama wanataka kuvunja ukuta wa jimu na mpira unakwenda kando, huyu binti alikuwa anautoa polepole na unanyooka kama umewekwa kwenye reli. Wenzake wakaanza kumsogelea kumuuliza we unaangalia wapi ukitupa. Mwezi wa Machi tulikuwa tumeshahamia kwenye michezo mingine na hakukaa benchi tena, hata kwenye ile ambayo hakuiweza vizuri. Siwezi kukuahidi kwamba wa kwako itakuwa hivyo hivyo, ila ndiyo sababu nimekwambia saini kabla ya kukueleza chochote.

Na ile alama wanayoangalia wakitupa nikufundishe na wewe manake ndiyo somo lenyewe. Leni ya kweli ina urefu wa mita 18.29 toka mstari wa faulo, ule ambao mtupaji haruhusiwi kuuvuka, mpaka pini ya mbele, na upana wake ni mita moja na kidogo tu. Mtoto mgeni anakodolea macho pini kule mwisho, mbali, na mkono unapotea. Sasa kwenye leni zimechorwa alama za mishale, 7, ziko kama mita 4 na nusu tu mbele ya mstari, na anayejua mchezo anaangalia mshale, haangalii pini. Unachagua mshale, unapitisha mpira juu yake, pini zitajijua. Wewe si umecheza gololi utotoni, unakumbuka ile gololi ya mbali huwezi kuipata ukiikodolea yenyewe, unatafuta kwanza kajiwe au kamstari ka karibu unapitishia hapo hapo. Ni akili ile ile. Kwenye jimu mwalimu anabandika tepu sakafuni badala ya mishale, na leni inafupishwa, mita 6 mpaka 9 hivi zinatosha, pini za plastiki na mpira wa raba ili sakafu isiumie wala vidole vya watoto visiumie.

Halafu kuna hesabu. Mchezo una fremu 10, kila fremu unapewa mitupo miwili kuangusha pini 10. Ukiziangusha zote kwa mtupo wa kwanza hiyo ni straiki, unapata 10 na unaongezewa utakachopata kwenye mitupo miwili inayofuata. Ukimaliza kwa mtupo wa pili ni speya, unapata 10 na unaongezewa mtupo mmoja unaofuata. Tuseme binti amepiga straiki fremu ya kwanza, fremu ya pili akapata 5 halafu 4. Fremu ya kwanza inakuwa 10 na 5 na 4, yaani 19, fremu ya pili anaongeza 9 anafika 28. Unaona, alama ya sasa inasubiri ya baadaye, mtoto inabidi akumbuke deni analodai. Ukipiga straiki 12 mfululizo, yaani 10 za fremu na 2 za mitupo ya nyongeza mwishoni, unafika 300 ambayo ndiyo mwisho, hakuna zaidi. Ukumbini kompyuta inajumlisha yenyewe, ndiyo maana napenda watoto waandike kwa penseli kule kule jimu, wakifika ukumbini wanajua skrini inafanya nini. Waulize watu wazima wengi wanaoenda bolingi kila mwezi straiki inahesabiwaje, hawajui.

Na kitu kimoja zaidi ambacho watoto wangu wanakipenda sana, straiki safi kabisa ya mtu wa mkono wa kulia, mpira wenyewe unagusa pini 4 tu, ya 1, ya 3, ya 5 na ya 9 (pini zina namba, ya 1 ndiyo ya mbele kabisa, nyuma yake ya 2 iko kushoto na ya 3 kulia). Zile 6 zingine zinaangushwa na pini wenzao. Kwa hiyo kulenga pini ya mbele katikati ya uso si dawa, mara nyingi inaacha pini moja kona hii na nyingine kona ile na hapo utalia. Unatakiwa uingie pembeni kidogo, kati ya 1 na 3, kwa wa mkono wa kushoto kati ya 1 na 2. Mwalimu wa sayansi akitaka kufundisha namna nguvu inavyohama toka kitu kimoja kwenda kingine hapo ana somo la wiki nzima.

Sasa swali la kwanza la kumuuliza mwalimu wa binti, na hili ni kubwa kuliko yote: kila mtoto atatupa mara ngapi kwa kipindi?

Manake ugonjwa wa bolingi shuleni ni foleni. Niliwahi kufanya kosa hili mwenyewe mwaka wangu wa kwanza, watoto 30, nikatengeneza leni 3, nikadhani nimepanga vizuri. Fanya hesabu. Kipindi cha dakika 40, toa kuvaa viatu na kupanga vitu, zimebaki 30. Kutupa, kukimbilia mpira na kupanga pini upya ni kama sekunde 45. Leni moja inatoa mitupo 40, gawa kwa watoto 10, kila mtoto ametupa mara 4. Nusu saa amesimama kwenye mstari anasukumana na wenzake! Hapo shemeji akisema si somo sina la kumjibu. Mwaka uliofuata nikatengeneza leni 10, watoto watatu kila leni, hata kama pini hazitoshi unaweka 6 au 3, mmoja anatupa, mmoja yuko kule mwisho anapanga pini na kurudisha mpira, wa tatu anaandika alama, halafu wanabadilishana kwa kukimbia siyo kwa kutembea. Mitupo 40 kwa watatu, kila mtoto kapata 13 na amekimbia. Kwa hiyo muulize tu kwa adabu, leni ngapi, watoto wangapi kwa leni, anayesubiri anafanya nini. Mwalimu aliyejipanga atafurahi umeuliza, na asiyejipanga ataenda kujipanga.

Kuhusu mchezo wa wazungu. Hapa naomba umsomee shemeji taratibu kwa sababu ana sababu ya kusema hivyo na historia inamuunga mkono nusu. Chama kikubwa cha bolingi cha Marekani, American Bowling Congress, kilianzishwa 1895 na kwa miaka mingi kilikuwa na kifungu kabisa kwamba wanachama ni weupe tu. Weusi hawakukaa kulia, 1939 wakakutana Detroit, hapo hapo Michigan mnapoishi nyie, wakaanzisha chama chao cha bolingi, na chama hicho kipo mpaka leo kwa jina la The National Bowling Association. Kile kifungu cha weupe tu kikaja kuondolewa 1950. Na hata baada ya hapo, Orangeburg kule South Carolina kulikuwa na ukumbi wa bolingi uliokataa weusi mpaka 1968, miaka minne baada ya sheria ya haki za kiraia iliyokataza ubaguzi wa namna hiyo, wanafunzi wa chuo wakaandamana, na usiku wa tarehe 8 Februari polisi wakawapiga risasi kwenye eneo la chuo chao. Watatu wakafa, na mmoja wao, Delano Middleton, alikuwa bado mwanafunzi wa sekondari, ana miaka 17. Watoto wetu wengi hawajawahi kulisikia hilo jina.

Kwa hiyo dada, kuingia ukumbi wa bolingi na kuchagua leni yako kuna watu weusi walililipia. Mimi binti mweusi akisimama kwenye mstari ule ameshika mpira wake simuoni kama kaingia nyumba ya watu. Na kama mnataka kuangalia mbele, chuo kikuu huku bolingi ina ubingwa wa taifa wa wanawake chini ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo, tangu 2004, na 2008 walioubeba ni wasichana wa University of Maryland Eastern Shore, chuo ambacho tangu zamani ni cha weusi, wakaurudia 2011 na 2012. Sekondari za Michigan zenyewe zina timu za bolingi za wasichana na za wavulana. Sisemi binti atapata skolashipu kwa wiki tatu za jimu, nasema mlango upo na watu kama yeye wameshapita.

Pombe, ndiyo, kumbi nyingi zina baa, shemeji hajakosea. Safari za shule ninazozijua ni za mchana na leni wanazifunga kwa ajili ya watoto. Muulize mwalimu kama shule itakuwa na leni zake peke yake na watu wazima wangapi wanaandamana nao, na kama una nafasi jitolee uende nao wewe mwenyewe, wanapenda sana wazazi wakijitolea, na shemeji akienda yeye ndiyo bora zaidi, aone kwa macho yake.

Kiwiko. Hapa usifanye mchezo. Kabla ya wiki ya kwanza piga simu kwa daktari aliyemtibu, uliza kama anaruhusiwa kubeba na kubembea kitu kizito kwa mkono ule, na uombe karatasi. Mwalimu apewe karatasi, asisimuliwe na mtoto. Jimu kwenyewe sina wasiwasi sana, mpira wa raba ni mwepesi, hofu yangu ni siku ya ukumbini. Mipira ya ukumbini imeandikwa namba, hiyo namba ni paundi, inafika mpaka 16 ambayo ni kilo 7 na robo. Makocha wengi wanaanzia kwenye asilimia 10 ya uzito wa mtu, lakini hiyo ni ya mtu mwenye mkono mzima na aliyezoea, na mtoto mwenye mwili mkubwa ukimpigia hiyo hesabu utampa mpira mzito kuliko mkono wake, kwa hiyo kwa binti yako sahau asilimia, aanze na paundi 6, akiona mwepesi sana aongeze moja. Mkono usivutwe kwa nguvu, mpira unaning'inia na kubembea wenyewe kama ndoo inavyobembea mkononi ukitoka bombani, bega ndilo linafanya kazi, kiwiko kinabaki kimenyooka bila kukaza. Akisikia maumivu anaacha hapo hapo, hakuna kuvumilia ili amalize fremu.

Na kama daktari akisema mkono wa kulia bado, njia zipo. Anaweza kutumia wa kushoto, wote wanaanza upya hivyo hatakuwa nyuma sana. Anaweza kutumia mikono miwili, na asione aibu, Jason Belmonte wa Australia anatupa kwa mikono miwili, alianza hivyo akiwa mtoto mdogo sana kwenye ukumbi wa wazazi wake kwa sababu mpira ulimshinda uzito, watu wakamwambia aache akikua, hakuacha, na leo ana mataji makubwa ya PBA, chama cha wacheza bolingi wa kulipwa, kuliko mtu mwingine yeyote. Na kuna rampu, kile kibao cha mteremko, unaweka mpira juu, unakielekeza, unausukuma unashuka wenyewe. Kumbi nyingi zinazo. Wanafunzi wangu wa viti vya magurudumu wanatumia hiyo na wanawafunga wenye miguu yao, na Special Olympics, mashindano ya watu wenye ulemavu wa akili, wana bolingi kwenye michezo yao miaka mingi. Ni michezo michache sana naijua ambayo mtoto asiyetembea na mtoto anayeongoza mbio za mita 100 wanaandikwa kwenye karatasi moja ya alama bila mtu kupunguziwa chochote.

Kabla hajaanza unaweza kumpa mazoezi nyumbani, kwenye korido, wikendi hii. Chupa 6 za maji za nusu lita, tia mchanga au mchele vidole viwili chini zisianguke kwa upepo, zipange pembetatu, 1, 2, 3, mbili zinazokaribiana ziachane kama sentimita 30. Mpira wowote wa watoto. Tepu kipande kidogo sakafuni karibu na anapotupia ndiyo mshale wake. Mwambie aangalie tepu. Akitumia mkono wa kulia amalizie na mguu wa kushoto mbele, goti limekunjwa, mpira ushuke sakafuni kimya kimya, ukisikia kishindo ameutupa, hajauviringisha. Acheze na wadogo zake, acheze na baba yake. Hasa na baba yake.

Siku ya ukumbini akate kucha, avae suruali ndefu isiyobana, hata sketi ndefu pana haina shida mradi isiburuze chini akajikwaa nayo. Viatu wanaazimwa pale pale na soli yake inateleza makusudi, asikanyage maji navyo. Mpira ukirudi kwenye mashine aushike kwa pembeni kwa mikono yote miwili, asiweke vidole katikati ya mpira na mpira, hapo ndipo vidole vinabanwa. Na abebe soksi, soksi nzima safi, manake wasichana wa umri ule wanakuja na sandozi halafu wanaambiwa wanunue soksi pale kwa bei ya ajabu.

Dola 9 hizo zikiwa ngumu mwezi huu mwandikie mwalimu faragha, shule nyingi zina kifungu cha kumlipia mtoto bila mwenzake yeyote kujua. Ukishapata jibu la daktari niandikie, nitakwambia aanze na mkono gani.